Ligi ya fantasi huoza kutokea chini: ninavyoendesha ya kwetu

Kila Jumanne asubuhi, kabla sijaanza kupokea wateja, naprinti karatasi moja ya A4, nachukua selotepu na kuvuka barabara hadi saluni ya kinyozi wetu. Naibandika pembeni ya kioo kikubwa, mahali ambapo mteja akishafungwa kitambaa shingoni hana pa kukwepesha macho. Ni msimamo wa ligi yetu ya fantasi, mchezo wa mtandaoni ambao kila mtu anaunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani: timu 14, pointi za wiki, pointi za jumla, na chini kabisa, kwa herufi nene, jina la anayekalia kigoda. Habari za kigoda zinakuja.

Nina duka la stationeri Tabata, Dar es Salaam. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Kwenye ligi mimi ni katibu na mweka hazina. Mpira wenzangu wananizidi, sina aibu kulisema. Kazi hii nimepewa kwa sababu nina printa, na kwa sababu nilishika hela za kikoba miaka minne bila shilingi kupotea. Kuanzisha ligi ya Fantasy Premier League na marafiki ni dakika kumi: unajisajili bure, unaunda ligi ya binafsi, unapewa kodi (code) ya kujiunga, unairusha kwenye grupu la WhatsApp. Agosti kila mtu ni kocha. Shughuli ni kuwakuta watu walewale Mei.

Ligi yetu ya kwanza haikufika. Tulianza Agosti 2017 watu 12, kelele mtaa mzima. Kufika Krismasi waliokuwa bado wanafungua timu zao walikuwa watano. Ukimuuliza mwingine mbona hujabadilisha kikosi, anakujibu, "Dada, mimi mambo hayo nilishaachana nayo."

Ikaja Jumamosi ya tarehe 17 Machi 2018. Wiki ile zilichezwa mechi nne tu za Ligi Kuu ya England, kwa sababu ya Kombe la FA, na sisi watano tulikuwa na vikosi vyenye mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Liverpool wakawafunga Watford 5–0. Mohamed Salah akafunga manne na kutoa pasi ya moja. Salah alikuwa ameorodheshwa kama kiungo, na goli la kiungo ni pointi 5, kwa hiyo manne ni 20. Pasi ya goli, 3. Kucheza dakika 60 au zaidi, 2. Timu kutofungwa, kwa kiungo, 1. Bonasi ya aliyeng'ara kuliko wote kwenye mechi, 3. Jumla 29. Nahodha wako huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo aliyempa Salah kitambaa alivuna 58 kwa mtu mmoja.

Kwenye ligi yetu aliyempa ni fundi wa friji, binamu yake kinyozi, ambaye hakuwa ameigusa timu tangu Oktoba. Alimwacha Salah na kitambaa mkononi akaenda zake Mwanza kikazi. Timu maiti ikatushinda watano tulio hai. Nilimpigia kumpongeza. Akaniuliza, "Hongera ya nini tena, dada?"

Nilicheka, lakini usiku nilikaa nikawaza. Wale saba hawakuondoka kwa ugomvi. Waliondoka kwa sababu mtu wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja, pointi 150 nyuma ya kinara, hana cha kumfanya afungue simu Ijumaa usiku. Gunia la viazi huanza kuoza chini, na wewe unayetazama juu huoni kitu. Tulipoanza upya 2019 niliwaambia wenzangu kila sheria tutakayoweka tuipime kwa swali moja: anayeshika mkia anapata nini hapa? Msimu wa 2025/26 ni wetu wa saba, na hatujapoteza mtu kwa kuchoka.

Wa kuwaita

Watu kumi hadi kumi na sita. Chini ya hapo utani unaisha mapema, juu ya hapo hamjuani. Waite watu unaoonana nao ana kwa ana angalau mara moja kwa wiki, maana fantasi bila kumtazama mtu usoni Jumatatu ni hesabu tu. Sisi tuna kinyozi, bodaboda wawili, mwalimu wa sekondari, muuza chipsi, mama lishe wa pembeni yangu, fundi friji (amerudi, ametubu), wifi yangu, na wengineo wa mtaa huuhuu. Wa mbali ni mmoja tu, shemeji yangu aliyeko Muscat, na yeye tunamvumilia kwa sababu anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kila Jumapili akilalamikia mabeki.

Asiyejua mpira usimkatae. Mama lishe aliingia hamjui mchezaji hata mmoja zaidi ya Salah, na msimu wake wa pili alimaliza wa tatu.

Mgeni mfundishe kwa karatasi na kalamu, simu iwekwe pembeni kwanza. Nilimwambia mama lishe: umepewa milioni 100, za mchezo, nenda sokoni ulete watu 15. Makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu. Klabu moja usichukue zaidi ya watu watatu. Kila wiki 11 wanaanza, wanne wanakaa benchi. Aliyeanza asipocheza kabisa, wa benchi anaingia mwenyewe kwa mpangilio uliouweka. Akauliza bei. Nikamwambia Erling Haaland msimu wa 2025/26 alianza kwa milioni 14. Akaandika 14, akatoa kwenye 100, akapata 86, akatazama nafasi 14 zilizobaki.

"Kwa hiyo ni sahani ya shughuli," akasema. "Nyama ukiijaza, wali unaupunguza, halafu mgeni anasema hajashiba."

Ndiyo hivyo. Nusu ya mchezo ni kumpata mtu wa bei ya mchicha anayelipa kama nyama. Msimu wa 2023/24 Cole Palmer alianza kwa milioni 5 akamaliza na pointi 244, nyingi kuliko mchezaji yeyote. Mwaka ule aliyemchukua mapema kwetu alikuwa muuza chipsi, na mpaka leo hajatuambia nani alimnong'oneza.

Pointi nyingine zimwingie taratibu, usimmwagie zote siku moja. Mshambuliaji akifunga ni 4, kiungo 5, beki 6. Beki au kipa asipofungwa ni 4. Kadi ya njano inakata 1, nyekundu 3, kukosa penalti 2. Tangu 2025/26 beki akifikisha vitendo kumi vya kuzuia, yaani kuondosha mpira, kukata pasi, kublok shuti na kupora, anapewa 2 hata timu ikifungwa. Kiungo na mshambuliaji wanatakiwa wafikishe 12, ila wao hata mpira wanaouokota unahesabiwa. Sheria hii nimeipenda, kwa sababu mabeki wa timu maskini wamepata soko, na watu wa chini kwenye ligi yetu hupenda sana kununua wa bei chee.

Mweleze na uhamisho. Kila wiki unabadilisha mmoja bure. Usipotumia unajilimbikizia, hadi watano. Ukizidisha, kila wa ziada anakukata pointi 4. Hapa ndipo wageni wanapoumia: mchezaji kafunga mawili Jumapili, Jumatatu wanamkimbilia, wanakatwa 8 kwa watu wawili, na Jumamosi inayofuata jamaa anapumzishwa. Mwambie asubiri mpaka Alhamisi. Na ajue kwamba mchezaji akipanda bei, ukimuuza unapata nusu tu ya faida.

Kadi za msaada zipo nne: ya kubadili kikosi kizima, ya kubadili kikosi kwa wiki moja kisha kinarudi kama kilivyokuwa, ya kuhesabu na benchi, na ya nahodha mara tatu. Msimu wa 2025/26 kila mtu alipewa seti mbili, na seti ya kwanza ilikuwa inakufa raundi ya 19 isipotumika. Nimeandika "19" kwa maki pen nyekundu juu ya kioo cha kinyozi, na bado kuna watu wawili waliozika kadi zao.

Jambo moja ambalo huwezi kulifundisha ni moyo. Januari 2020 Mbwana Samatta alipotua Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, ligi yetu nzima ilimnunua. Wengine walikatwa pointi 4 ili wamwingize wiki ileile. Tarehe 1 Februari alifunga dhidi ya Bournemouth, Villa wakafungwa 2–1, na pale saluni hakuna aliyejali matokeo. Mashine ya kunyolea iliachwa inaunguruma mezani, mteja amenyolewa upande mmoja. Lilikuwa goli lake pekee la ligi kule. Kifantasi ilikuwa hasara. Mwalimu alimbakisha mpaka msimu ukaisha, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Saa ya dedilaini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapotoroka ligi wakisingizia mengine.

Dedilaini, yaani mlango wa kubadilisha kikosi kufungwa, ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Shida ni kwamba Waingereza wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Oktoba, mechi ya kwanza ya Jumamosi kwa kawaida huanza saa nane na nusu mchana kwetu, kwa hiyo mlango unafungwa saa saba kamili. Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba mechi hiyohiyo inakuwa saa tisa na nusu, na mlango unafungwa saa nane. Watu wanazoea saa nane miezi mitano. Ikifika Jumapili ya mwisho ya Machi, saa inarudi saba, kimyakimya. Bodaboda wangu mmoja alishusha abiria Segerea, akaegesha chini ya mwembe, akafungua simu saa saba na robo kwa mbwembwe zote, amepanga kutumia kadi ya nahodha mara tatu. Mlango umefungwa. Alinipigia kana kwamba funguo ninazo mimi.

Raundi zinazoanza Ijumaa ni mbaya zaidi. Mechi ni saa nne usiku, mlango unafungwa saa mbili na nusu, wakati mwalimu anasahihisha madaftari na mama lishe anaosha masufuria. Majira ya baridi ya kule inakuwa saa tatu na nusu. Shemeji wa Muscat aongeze saa moja juu ya hizo zetu, na tumeshakubaliana kwamba kwenye grupu zinaandikwa za Dar tu, yeye ajumlishe mwenyewe.

Ninachofanya: Alhamisi jioni natuma ujumbe mmoja mfupi wenye siku na saa, kwa maneno, "saa saba kamili mchana", si tarakimu, maana kuna wanaosoma 13:00 na wanaosoma 7:00 na wakabishana. Saa moja kabla ya mlango kufungwa natuma wa pili. Ukiwa katibu, hii ndiyo kazi yako kubwa kuliko zote, na wala usiogope kwamba unamsaidia mpinzani. Vikosi havionekani kwa wengine mpaka mlango ufungwe, kwa hiyo hakuna siri unayoitoa. Mtu akishapitwa na raundi mbili mfululizo, mpigie simu, usimwandikie. Akipitwa tatu, ujue umeshampoteza.

Msimu wa 2025/26 kulikuwa na Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la Morocco kuanzia tarehe 21 Desemba, Salah na wenzake wakaondoka kwenye klabu zao. Waandaaji wa fantasi wakamjazia kila mtu uhamisho wa bure hadi watano kwenye raundi ya 16. Nilituma jumbe tatu kuhusu hilo. Kuna aliyenijibu Januari akiuliza hao watano walikuwa wa nini.

Hela

Mnaweza kucheza bila hela na ikanoga. Mkiweka, iwe ndogo kiasi kwamba mtu akiikosa hatanuna nyumbani. Sisi ni 10,000 kwa msimu mzima, na kila mwaka anatokea mmoja wa kusema tupandishe iwe 50,000, na kila mwaka nakataa. Elfu hamsini ina ada ya mtoto ndani yake. Ikishafika huko, utani unakuwa madai.

Ile ligi ya kwanza hela ilishikwa na rafiki mmoja tu, kwenye simu yake. Akapata dharura. Sikatai, dharura zipo. Lakini mshindi alilipwa kwa mafungu, la mwisho alilipata mwezi wa Ramadhani wa mwaka uliofuata, na salamu zao mpaka leo ni za mbali. Nilipochukua mimi nikaleta utaratibu wa kikoba: hela nashika mimi, daftari anashika kinyozi, na wifi, ambaye hapendelei mtu, ndiye anayesoma salio mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Michango yote iwe imeingia kabla ya mlango wa raundi ya kwanza kufungwa. Hakuna "nitakupa mwisho wa mwezi".

Tunavyogawa 140,000 zetu: kinara wa kila mwezi, Agosti hadi Mei, 5,000, na hiyo ni miezi kumi, 50,000. Bingwa wa msimu 40,000, wa pili 20,000, wa tatu 10,000. Kombe letu la mtoano 20,000. Bingwa wa kwanza kabisa alinung'unika kwamba anapata chini ya theluthi ya hela. Nikamwambia ndiyo, na hao wanaokula 5,000 za mwezi ndio wanaokufanya uwe bingwa wa watu 14 badala ya watano.

Zawadi ya mwezi ndiyo dawa. Kwenye msimamo wa ligi ndani ya programu kuna sehemu ya kuchagua mwezi mmoja peke yake, pointi zinaanza sifuri kwa wote. Aliye wa 13 kwa jumla ana nafasi sawasawa na kinara kila tarehe mosi. Februari moja fundi friji, akiwa mkiani, alichukua 5,000 ya mwezi, akanunua soda za saluni nzima, akatumia kama 9,000.

Kigoda

Saluni ya kinyozi ina viti vya plastiki 11, benchi moja, na kigoda cha mbuzi cha bibi yake, kile cha kukunia nazi, kimeng'olewa mbuzi yenyewe na kubaki mbao fupi. Anayeshika mkia mwisho wa mwezi, mwezi mzima unaofuata akija kuangalia mpira anakaa pale. Magoti yanafika kidevuni. Kichwa chako kipo usawa wa magoti ya wenzako na kila goli likiingia unapigwa na viwiko. Hata mteja asiyejua lolote akiingia anauliza, "Huyu vipi?" na anaelezwa.

Nimeshauriwa mara nyingi tumtoze wa mwisho faini. Siafiki. Mtu ameshafungwa na kila mtu, unamchukulia na hela? Mwezi wa pili ataleta udhuru, wa tatu hatapokea simu. Adhabu ya mkia iwe ya kuchekesha, iishe, na imfanye aje pale penye watu. Kigoda kinamleta mtu saluni. Faini ingemweka nyumbani.

Mbali na kigoda tuna mambo mawili ya kumfufua wa chini. La kwanza ni ligi ya ana kwa ana, ambayo nayo unaiunda humohumo kwenye programu, kwa kodi yake: kila raundi unapangiwa mpinzani mmoja, ukimzidi pointi unapata 3, sare 1. Timu 14 ni mechi saba kila wiki. Hapo wa mwisho akikutana na kinara akamchapa 52 kwa 49, wiki nzima ni yake, hata kama kwa jumla kaachwa pointi 200. Idadi yenu iwe shufwa, hilo tu.

La pili ni kombe, tunaliendesha wenyewe kuanzia mwisho wa Januari. Majina kwenye vikaratasi, vikaratasi kwenye kofia ya bodaboda, mteja yeyote aliye kitini ndiye anayechota. Kwa watu 14 lazima wawili wavuke duru ya kwanza bila kucheza, na kwa kawaida hupewa waliotangulia. Sisi tunawapa wawili wa mwisho. Kinara wa wakati ule alilalamika wiki mbili. Pointi zikilingana, anapita ambaye nahodha wake alipata zaidi. Zikilingana tena, tunarusha shilingi.

Ripoti na utani

Pamoja na ile karatasi ya msimamo huandika mistari miwili mitatu kwa kila mtu, wote 14, hakuna anayerukwa. Watu hawasomi namba, wanasoma majina yao. Mfano wa wiki moja: "Mwalimu, pointi 28. Kipa aliyeanza kampa 1, kipa aliyekaa benchi kapata 11. Darasa limesimama dakika moja. Wifi, 61, na hajui alifanyaje. Muscat, 40, ujumbe wa sauti unakuja, tafadhalini chajini simu." Nusu saa Jumatatu usiku inanitosha. Ukiwa mvivu wa kuandika, andika kwa wa juu watatu na wa chini watatu, ila wa chini usiwaache kamwe.

Utani wenyewe unatujia kirahisi, nchi hii imelelewa na Simba na Yanga. Lakini uwekewe uzio. Uzio wetu umeandikwa: unamtania mtu kwa kikosi chake, kwa klabu yake ya Ulaya na kwa Simba au Yanga yake. Ndoa, kazi, mwili, dini na msiba havimo. Tuliuandika baada ya mmoja wetu kusimamishwa kazi, na wiki ileile nahodha wake kula kadi nyekundu. Mtu akaandika kwenye grupu, "Wote wawili mmetolewa nje." Vicheko vikajaa. Yule akatoka kwenye grupu bila neno. Ilinichukua wiki tatu na chai nyingi kumrudisha, na aliyeandika alikwenda kwake mwenyewe, akiwa na mkate wa kumimina wa mama yake. Ukiona kicheko kinakwenda pabaya, usikemee kwenye grupu. Mpigie aliyeandika, afute mwenyewe.

Mabishano yatakuwepo. Tuna ukurasa mmoja wa sheria, kila mtu ametia sahihi Agosti, na katikati ya msimu haubadilishwi hata sheria ikiwa mbovu. Tunaandika nyuma ya karatasi "ya mwakani". Muhimu ni mtu mmoja timu moja. Tuliwahi kuwa na ndugu wawili ambao timu zao zilifanana nahodha wiki sita mfululizo. Hakuna aliyesema kitu mpaka siku timu zote mbili zilipomweka nahodha beki aliyevunjika mguu wiki mbili kabla. Mkubwa akakiri kwamba simu ya mdogo wake anayo yeye. Hatukuwafukuza, timu ya pili tuliitoa kwenye hesabu ya zawadi, na mdogo mtu tukamwalika aje saluni achague mwenyewe. Sasa yuko juu ya kaka yake. Pointi za msimu zikilingana, programu yenyewe inamweka juu aliyefanya uhamisho mchache, ukiacha wa kadi, kwa hiyo hilo msibishanie.

Siku ya kufunga

Raundi ya 38 mechi zote kumi huanza kwa pamoja, Jumapili, kwa kawaida saa kumi na mbili jioni yetu, mlango ukifungwa saa kumi na nusu. Wiki hiyo simu ya kukumbusha napiga kwa kila mtu, mmoja mmoja. Mama lishe anapika pilau, tunachangia mchele na nyama nje ya zile 140,000. Kinyozi hanyoi. Tunaweka televisheni moja na simu tano, kila simu na mechi yake, na mtu akipiga kelele hujui ni ya goli lipi. Hela zinatolewa palepale, wifi anasoma daftari, mshindi anahesabu mbele ya watu.

Wa mwisho wa msimu ana heshima yake: ndiye anayekata nyama na kupakua, na ndiye anayechagua tarehe ya kikao cha Agosti, na wote tunatii. Anafanya yote hayo akitokea kwenye kigoda, na haruhusiwi kukihama mpaka sahani ya mwisho itoke.

Msimu uliopita nilipakua mimi. Wa 14 kati ya 14, karatasi nimeiprinti mwenyewe, kwa herufi nene. Kinyozi aliniomba nimkatie kipande kisicho na mfupa, nikamkatia chenye mfupa, na kikao nikakipanga Jumatano saa kumi na mbili asubuhi.